Epijenetiki ya mimea ya milimani: panga jaribio kabla hujafunga mkoba

Swali litakalokusumbua hadi siku ya kutetea tasnifu ni hili: utajuaje kwamba tofauti ya methilesheni (alama za methili zinazobandikwa kwenye DNA bila kubadili herufi zake) uliyoiona haitokani na jeni zenyewe? Wanafunzi wengi wa uzamivu hulikwepa mpaka mwaka wa tatu, na hapo huwa halina dawa tena. Mtu amepanda mlima mmoja, amechuma majani kwenye mita 1,500 na mita 3,000, amekuta alama za methili hazifanani, akaandika kwamba mmea umezoea mwinuko kiepijenetiki, yaani kwa alama hizo na si kwa badiliko la DNA. Data hiyohiyo ina maelezo matatu. Huenda mimea ya juu ni ukoo mwingine, wenye mabadiliko ya DNA yanayovuruga methilesheni. Huenda jani linaitikia tu baridi na mionzi ya wiki ile, na ukiuhamisha mmea alama zitafutika. Au alama inarithiwa kweli, bila kutegemea badiliko la DNA, na inausaidia mmea kuishi. La tatu ndilo kila mtu hulitaka, nalo ndilo gumu kuthibitisha.

Njia ya kuyatenganisha haya ni ya zamani kuliko teknolojia yote ya siku hizi. Wanabotania Jens Clausen, David Keck na William Hiesey waliugawa kila mmoja wa mimea yao ya Potentilla glandulosa vipande, kisha wakavipanda katika vituo vitatu vya California: Stanford karibu na usawa wa bahari, Mather kwenye mita 1,400 hivi, na Timberline kwenye mita 3,050 hivi. Jeni ni zilezile, kilichobadilika ni mahali. Nawe chagua spishi inayokubali kugawanywa, au Taraxacum yenye seti tatu za kromosomu, ambayo hutoa mbegu bila uchavushaji na watoto wake huwa nakala za mama. Ukitaka jenomu (DNA nzima ya kiumbe) iliyokwisha kusomwa, ipo Arabis alpina, inayoota kuanzia Alps na Skandinavia hadi milima ya Afrika Mashariki. Jenomu yake ilichapishwa mwaka 2015. Mmea usichaguliwe kwa uzuri wa maua. Jenomu isiyojulikana, tena yenye seti sita za kromosomu, itakumeza mwaka mzima.

Mbegu iliyochumwa mlimani imeshaonja mlima, kwa kuwa kiinitete kilikulia ndani ya mama hukohuko juu. Kwa hiyo otesha kizazi cha kwanza katika bustani moja yenye hali moja, vuna mbegu zake, kisha upime kizazi cha pili. Hapa ndipo kalenda inapobana: mbegu nyingi za milimani hutaka wiki kadhaa za unyevu na baridi ya nyuzi 4 ndipo ziote, na baadhi ya aina za Arabis alpina hudai wiki 12 nyingine za baridi ndipo zichanue. Otesha mapema, hata kama sura ya mapitio ya machapisho bado ni rasimu. Vibali navyo viombwe mapema. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki, inatumika tangu 2014 na nchi nyingi hazitakuruhusu kutoka na hata jani moja bila makubaliano.

Mlima mmoja ni sampuli moja, hata ukichuma mimea mia. Bora milima minne, kila mmoja sehemu mbili zilizoachana mita 1,000 (yaani takriban nyuzi 6 za joto), mimea minane kila sehemu. Hiyo ni mimea 64, ila kitakwimu una jozi nne tu, na ndivyo modeli yako inavyopaswa kujua. Angalia pia mwamba: ukilinganisha juu penye chokaa na chini pasipo na chokaa, umepima udongo.

Chuma majani ya umri mmoja, saa ileile ya siku. Kwa DNA, jeli ya silika inatosha, uzito wake uwe angalau mara kumi ya jani, na majani manene yakatwekatwe. Baada ya saa 24 jani likunjwe: likivunjika kwa mlio limekauka, likipinda badilisha silika siku hiyohiyo, maana jani linalokauka polepole huoza DNA yake. Kwa RNA (nakala za jeni zinazotumika) silika haifai. Beba naitrojeni ya kimiminika.

Maabara, adui ni ute na fenoli. Tumia CTAB (sabuni ya kutolea DNA) kwenye nyuzi 65, pamoja na PVP asilimia 2, inayonasa fenoli, na beta-merkaptoethanoli, inayozizuia zisioksidike. DNA ikitoka ya kahawia, fenoli zimeshaoksidika hewani. Uwiano wa 260/230 (kipimo cha usafi wa DNA kwa mwanga) ukiwa chini ya 1.5, usiendelee kwa kutumaini; osha unga wa jani kwa sorbitoli na uanze upya.

Bisalfaiti, kemikali ya kupimia methilesheni, hugeuza sitosini (herufi C ya DNA) isiyo na methili isomeke T, na yenye methili hubaki C. Changanya DNA kidogo ya faji lambda (kirusi cha bakteria) isiyo na methili, ili upime ugeuzaji umefanikiwa kiasi gani. Ugeuzaji ukiwa chini ya asilimia 99, rudia. Kosa la asilimia 2 halionekani sana kwenye CG (C inayofuatwa na G), lakini kwenye CHH (H ni A, C au T), ambako methilesheni huwa ndogo, kosa hilo linaweza kufanana kabisa na matokeo.

Kila sitosini idai usomaji 10 au zaidi, yaani isomwe angalau mara kumi. Ukiwa na usomaji 5, mmoja tu ukikosewa umesogeza kipimo kwa asilimia 20.

Halafu kuna mtego wa mwisho. Mmea wa juu ukiwa na badiliko halisi la DNA kutoka C kwenda T, programu itasema hapo hakuna methili, na utashangilia bure. Angalia uzi wa pili wa DNA mahali palepale. Ukikuta G, sitosini ipo na bisalfaiti ndiyo iliyoigeuza. Ukikuta A, ni jenetiki. Ondoa nafasi hiyo kwenye sampuli zote kabla hujahesabu chochote.