Uliukata lini? Ninayowaambia wanunuzi na wauzaji wa miti ya Krismasi

Mwaka wangu wa kwanza kuuza miti ya Krismasi kando ya barabara hapa Limuru, Kenya, nilikata misaiprasi 60 kwa siku moja, tarehe 5 Desemba, nikidhani nimejipunguzia kazi. Niliipanga juani nikaifunika turubai. Baada ya wiki mbili akaja mama mmoja niliyekuwa nimemuuzia. Ameurudisha mti wake, majani yamekuwa ya kahawia na yanapukutika kila ukiugusa. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Kijana wangu, huu mti uliukata lini?" Nilimrudishia pesa, lakini jibu lilinikwama kooni.

Tangu siku ile kila mti unaotoka shambani kwangu hufungwa kikaratasi chenye tarehe ya kukatwa. Nakata kidogo kidogo, ile nitakayomaliza kuuza kwa siku tatu au nne, na inayosubiri mteja inasimama kivulini ndani ya ndoo za maji. Ni kazi zaidi, ndiyo. Lakini mtu anatoa pesa yake ili watoto wafurahie, na si haki kumpa kuni zilizopakwa kijani. Nawe mnunuzi, uliza hilo swali bila haya. Muuzaji akikosa jibu, pinda kitawi kimoja. Kibichi hupinda bila kukatika na hutoa harufu kali mkononi. Kisha tikisa mti mzima uone unachoangusha.

Mti uliokatwa bado unakunywa. Majani yanaendelea kupoteza maji, na shina linaendelea kuyavuta mradi njia iko wazi. Tatizo ni kwamba ukikaa hewani saa kadhaa, pale ulipokatwa panaziba, na ukiutia majini baadaye unakunywa kwa shida sana. Kwa hiyo ukifika nyumbani chukua msumeno, kata kipande chembamba chini ya shina, kama sentimita 2, ukate sawa bila kuinamisha, kisha uutie majini papo hapo. Wapo wanaochonga shina pembeni ili liingie kwenye ndoo nyembamba. Tafadhali msifanye hivyo. Maji hupanda kwenye mbao changa zilizo chini tu ya gome, na ukizichonga umemkata mti koo. Tafuta ndoo pana.

Na hapa kwenye ndoo ndipo miti mingi inapofia. Sisi tumezoea kujaza udongo mkavu, tunaushindilia, tunafunga ndoo kwa karatasi ya zawadi, basi. Mti unasimama wima, lakini una kiu mpaka Mwaka Mpya. Mimi hutumia kokoto. Weka shina katikati, zungushia mawe makubwa kiasi yaushike, malizia na kokoto, halafu mimina maji mpaka yapite pale ulipokata. Siku ya kwanza usishangae maji yakipungua sana. Ongeza. Kila asubuhi angalia tena, kwa sababu maji yakishuka chini ya shina hata kwa usiku mmoja, panaanza kuziba upya. Maji ya kawaida yanatosha, usiweke sukari wala aspirini. Uweke mbali na jiko na dirisha linalopigwa na jua la mchana, uzime taa za mapambo kabla ya kulala, na mishumaa isiukaribie kabisa. Msaiprasi mkavu ukishika moto hautakupa nafasi ya kwenda kuchota maji.

Kwa ndugu zangu wa Mombasa na Kilifi, joto la huko hukausha msaiprasi haraka. Tawi zuri la mvinje kutoka jirani litawafaa kuliko mti uliosafiri usiku kucha juu ya lori.

Sasa kwa anayetaka kupanda misaiprasi mwenyewe. Msaiprasi tunaoupanda asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na huku nyanda za juu umekubali kama uko kwao. Ukikata kwa ajili ya Krismasi, acha matawi ya chini yenye kijani. Tawi moja litajiinua taratibu lishike nafasi ya kilele, nawe utavuna tena. Ukikata chini ya kijani chote, kisiki hakichipui, umemaliza. Kagua pia vidukari wanaonyonya utomvu kwenye matawi. Walionekana Kenya mwaka 1990 wakakausha nyua na mashamba mengi, na ua wa baba yangu ulikuwa mmojawapo. Tawi likianza kukauka kutoka ndani, usingoje.

Usikate msitu wa umma. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kukata bila kibali, na hata ukiwa unasafirisha ya shamba lako, pita kwanza ofisi ya misitu iliyo karibu upate karatasi.

Wateja wengi siku hizi wananiomba mti ulio hai kwenye chungu, na mimi nafurahi kuuuza. Ila usiuweke sebuleni zaidi ya siku kumi hivi, kwa sababu unahitaji mwanga. Ukiutoa, uanzie kivulini kabla ya jua kali, umwagilie mpaka mvua za Machi na Aprili, ndipo uupande. Uupande mbali na nyumba. Huo mdogo unaoubeba kwa mkono mmoja unaweza kupita mita 20.

Na ule uliokatwa, sikukuu zikiisha, katakata matawi uyatandaze chini ya miti ya matunda. Usimtupie ng'ombe mwenye mimba hata akiyatamani, kwa kuwa majani ya msaiprasi yanaweza kumfanya aharibu mimba.