Re: Kikundi cha kusoma, tumeshindwa kuchagua kitabu
Salaam ndugu. Umesema mko wanane, kila mtu anavutia kitabu chake, na mwezi unaisha. Kwanza ulizia dukani: nakala zipo za kutosha, na bei gani? Kitabu cha kupokezana hakimaliziki. Sisi tulianza na Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi (1971). Si ndefu, na watu walibishana kweli: Rosa kaharibiwa na ukali wa baba yake, Zakaria, au na dunia aliyoikuta shuleni? Kinamama walimtetea mama yake, Regina, mpaka chai ikapoa. Kitabu ambacho wote mtakikubali bila ubishi kiacheni, dakika kumi tu maongezi yamekwisha. Umri wa wenzako siujui. Kama kuna wanafunzi wadogo, Rosa Mistika isome wewe kwanza.