Ini limehamia kushoto?

SWALI: Ndugu Mhariri, mama yangu alipigwa CT-Scan ya tumbo, tukapewa filamu na ripoti inayotaja picha za aksiali, koronali na sajitali. Shuleni tulifundishwa kwamba ini liko kulia, lakini katika filamu hizi liko kushoto. Je, zimegeuzwa?
Msomaji, Mbagala, Dar es Salaam

JIBU: Hazikugeuzwa, na ini la mama liko palepale. Kila picha ya CT-Scan, kipimo kinachotumia eksirei na kompyuta, ni mkato wa mwili katika bapa fulani, yaani uso tambarare wa kufikirika unaopita mwilini, na mabapa hayo hufuata mwili wa mgonjwa, si macho ya mtazamaji. Wanaanatomia huuelezea mwili kana kwamba umesimama wima, uso na viganja vikielekea mbele; kwa hiyo hata mama alipolala chali mashineni, juu ilibaki upande wa kichwa na kulia ikabaki kulia kwake.

Bapa la sajitali hutenga kushoto na kulia, la koronali hutenga mbele na nyuma. La aksiali, yaani la mlalo, hutenga juu na chini, na picha zake hupangwa kama slesi za mkate. Daktari huzitazama kana kwamba amesimama miguuni pa mgonjwa aliyelala chali, akielekea kichwani, hivyo kulia kwa mgonjwa huangukia kushoto kwa daktari, pamoja na ini. Picha za koronali nazo husomwa kana kwamba mgonjwa amekukabili. Pembeni mwa filamu aghalabu kuna herufi R inayoonyesha upande wake wa kulia.

Mgonjwa wa kwanza alipopimwa kwa CT mjini London mwaka 1971, picha zilikuwa za mlalo tu. Siku hizi mashine hukusanya mikato myembamba, mara nyingi isiyofika milimita 1, kisha kompyuta huiunganisha na kuunda mabapa mengine bila kumrudishia mgonjwa mionzi. Hiyo si mbwembwe, kwani duara dogo katika picha ya aksiali laweza kuwa uvimbe, au mshipa wa damu uliokatwa kwa upana wake, na bapa la pili ndilo hufichua kama umbo hilo ni tufe au ni mrija.

Katika koronali za mama huenda ukaziona figo zote mbili kwa pamoja: ile ya kulia, iliyo kushoto kwako, kwa kawaida huwa chini kidogo kuliko mwenzake, kwa kuwa nafasi ya juu yake imechukuliwa na ini.