Maswali ya Wasomaji: Seneta Aliyekaa Bungeni Miaka 64

Katika toleo lililopita tulitaja, kwa mstari mmoja tu, jina la Fred Risser, wakili wa mji wa Madison katika jimbo la Wisconsin, Marekani, ambaye amekaa katika bunge la jimbo muda mrefu kuliko mtu mwingine yeyote katika historia ya nchi hiyo. Mstari huo mmoja umetuletea barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tumechagua tatu.

*Mhariri, salaam. Ninafundisha somo la Uraia katika shule ya sekondari. Wanafunzi wangu waliposoma habari ya huyo Risser waliniuliza kama alikuwa mbunge wa kuteuliwa, kwa sababu hawakuamini kwamba wapigakura wanaweza kumrudisha mtu yuleyule kwa miaka 64. Tena hawakuelewa jimbo linawezaje kuwa na bunge lake. Naomba unisaidie kuwajibu. — Mwalimu, Iringa*

Mwalimu, tuanze na neno lenyewe, maana naona ndilo lililowatatiza wanafunzi wako. Kwetu Tanzania, jimbo ni eneo la uchaguzi linalomtoa mbunge mmoja. Tunapozungumza juu ya Marekani, neno hilohilo tunalitumia kwa kitu kikubwa zaidi: sehemu ya shirikisho yenye katiba yake, gavana wake, mahakama zake na bunge lake linalotunga sheria za elimu, jinai, kodi za jimbo, barabara na mengine mengi ambayo Bunge la Washington halina mamlaka nayo kamili. Wisconsin ni mojawapo ya majimbo 50 ya namna hiyo. Bunge lake lina mabaraza mawili: Baraza la Wawakilishi, ambalo leo lina wajumbe 99 wanaochaguliwa kila baada ya miaka miwili, na Seneti yenye wajumbe 33 wanaochaguliwa kwa miaka minne. Wanafunzi wakitaka mfano wa karibu, wafikirie Zanzibar na Baraza lake la Wawakilishi, ingawa mfano huo haulingani kwa kila jambo.

Risser hakuteuliwa hata siku moja. Alizaliwa tarehe 5 Mei 1927 mjini Madison, akajiunga na Jeshi la Majini mwaka 1945, na baada ya vita akasoma hadi kupata shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Oregon mwaka 1952. Alirudi nyumbani kufanya kazi ya uwakili, na mwaka 1956, akiwa na umri wa miaka 29, akachaguliwa kuingia Baraza la Wawakilishi kwa tiketi ya chama cha Democratic. Mwaka 1962 kiti cha Seneti cha eneo lake kilikuwa wazi, akagombea katika uchaguzi mdogo na kushinda. Tangu hapo hakutoka katika Seneti hiyo hadi Januari 2021, alipostaafu kwa hiari yake akiwa na umri wa miaka 93.

Ili wanafunzi wako wauone urefu wa muda huo, waambie kwamba alipoapishwa Januari 1957, Ghana ilikuwa bado na miezi miwili kabla ya kupata uhuru, na TANU ilikuwa haijatimiza miaka mitatu. Alifanya kazi na magavana 13, wengine wa chama chake na wengine wa chama pinzani. Waambie pia kwamba Wisconsin haina ukomo wa vipindi kwa wabunge wake, kwa hiyo kila mara kipindi kilipokwisha alirudi kwa wapigakura kuomba upya, kama mgombea mwingine yeyote.

*Ndugu Mhariri, mimi ni wakili mwenye miaka minne tu kazini, na wazee wa kazi hii huniambia kwamba siasa humharibu wakili. Ningependa kujua kama sheria aliyoisoma Risser ilimfaa kwa lolote bungeni, au ilikuwa pambo la jina tu. — Wakili kijana, Mombasa*

Swali lako nimelipenda, wakili, nami nitalijibu kwa kirefu, kwa kuwa naamini hapa ndipo ilipo thamani ya mtu huyu.

Watu wengi hudhani kwamba wakili huingia bungeni kwa ajili ya ufasaha wa kusema. Ufasaha una kazi yake, lakini bunge huendeshwa kwa kanuni, na mtu anayezijua kanuni kama anavyozijua vidole vyake hupata nguvu hata chama chake kinapokuwa na idadi ndogo. Hadi mwaka 1979 aliyekuwa akiiongoza Seneti ya Wisconsin kitini ni naibu gavana. Katiba ya jimbo iliporekebishwa mwaka huo, maseneta walianza kumchagua rais wao kutoka miongoni mwao, na wa kwanza waliyemchagua alikuwa Risser. Alikalia kiti hicho kwa vipindi mbalimbali, akikipoteza kila chama pinzani cha Republican kilipopata maseneta wengi, na kukirudia upepo ulipogeuka, mara ya mwisho kuanzia Julai 2012 hadi Januari 2013. Rais wa Seneti hiyo si kiongozi wa chama. Ratiba ya kisiasa hupangwa na kiongozi wa walio wengi. Kazi ya rais ni kutoa uamuzi juu ya utaratibu: nani ana haki ya kusema, hoja ipi imekiuka kanuni, kura ipi imepita. Kwa hakika ni kazi ya kihakimu, na ndiyo sababu ilimfaa mtu aliyesomea sheria.

Mfano mkubwa zaidi ni wa Februari 2011. Gavana Scott Walker alikuwa amepeleka muswada wa kupunguza kwa kiasi kikubwa haki ya watumishi wengi wa umma kujadiliana na mwajiri kupitia vyama vyao vya wafanyakazi. Katika Seneti, Republican walikuwa 19 na Democratic 14, kwa hiyo katika kura ya kawaida jambo lilikuwa limekwisha. Lakini katiba ya Wisconsin inataka akidi kubwa zaidi kwa miswada ya fedha: theluthi mbili hazihitajiki, ila lazima wawepo wajumbe watatu katika kila watano, yaani 20 kati ya 33. Upande wa serikali ulipungukiwa na mtu mmoja. Tarehe 17 Februari maseneta wote 14 wa Democratic, Risser akiwamo kwa umri wake wa miaka 83, waliondoka Madison na kuvuka mpaka kuingia Illinois, ambako askari wa Wisconsin hawakuwa na mamlaka ya kuwarudisha. Huku nyuma maelfu ya watu walilijaza jengo la bunge kwa maandamano.

Walikaa huko hadi katikati ya Machi. Upande wa pili nao ulikuwa na watu wanaojua kanuni: tarehe 9 Machi walivitoa katika muswada vifungu vya fedha, ili akidi ile kubwa isihitajike tena, wakaupitisha bila ya hao 14, na gavana akautia saini siku mbili baadaye. Risser na wenzake walishindwa. Hata hivyo, kwa wiki tatu wachache waliulazimisha umma mzima wa jimbo usome na kuujadili muswada ambao vinginevyo ungepita kwa siku chache. Wapo wanaosema kwamba mbunge aliyechaguliwa hapaswi kukimbia kikao, nami naiheshimu hoja hiyo, kwa sababu akidi ikigeuzwa silaha kila wakati, hakuna bunge litakalofanya kazi. Lakini kwa muswada uliogusa haki za watu wengi kiasi kile, na kwa njia ambayo katiba yenyewe iliiacha wazi, naona walikuwa na haki.

Jambo la pili ambalo uwakili humfundisha mtu ni kutokata tamaa kesi inapotupwa. Risser alipigania kwa miaka mingi sheria ya kuzuia uvutaji wa sigara ndani ya majengo ya umma. Wisconsin ni jimbo la mabaa. Karibu kila kijiji kina la kwake, na wenye mabaa walipinga kwa nguvu zote wakisema wateja watawakimbia. Miswada ilianguka, ikaletwa tena, ikaanguka. Hatimaye sheria ikasainiwa na Gavana Jim Doyle mwaka 2009, na kuanzia tarehe 5 Julai 2010 uvutaji ukakoma katika mabaa, mikahawa na sehemu za kazi. Mhudumu wa baa aliyekuwa akivuta moshi wa wengine kwa saa nane kila usiku hakuwa na mtetezi mwenye fedha. Nakuomba, wakili, umkumbuke mhudumu huyo kila unapoambiwa kwamba siasa humharibu wakili.

*Mhariri, msitupambie mambo. Mtu kukaa miaka 64 katika kiti kimoja ni kuwazibia vijana njia. Isitoshe nimesikia hata baba yake alikuwa seneta. Huo si ufalme? — Msomaji, Dodoma*

Ulilolisikia ni kweli, na ni zaidi ya hapo. Baba yake, Fred E. Risser, naye wakili, alikuwa seneta wa jimbo. Babu yake mzaa mama, Ernest Warner, na baba wa huyo, Clement Warner, nao waliwahi kukaa katika bunge lilelile. Cha kustaajabisha ni kwamba kila kizazi kilikuwa na chama chake: Unionist, kisha Republican, kisha Progressive, kisha Democratic. Hawakurithishana chama, ila jina lililojulikana mjini walirithishana, na mgombea mwenye jina kama hilo huanza mbio akiwa mbele ya wenzake. Tena Madison ni ngome ya Democratic, na katika chaguzi kadhaa za miaka ya mwisho Risser hakuwa na mpinzani kabisa. Hapo hoja yako ina uzito, na kwa sababu kama hiyo majimbo 16 ya Marekani yameweka ukomo wa vipindi kwa wabunge wao.

Nisichokubaliana nacho ni neno ufalme. Mfalme haweki jina lake kwenye karatasi ya kura, wala hapotezi kiti cha urais wa Seneti na kurudi kukaa benchi la walio wachache kwa miaka kadhaa, kama Risser alivyofanya zaidi ya mara moja. Na mwaka 2020 alipotangaza kwamba hatagombea tena, hakumwachia kiti mtoto wala ndugu. Wagombea kadhaa wa chama chake walishindana katika kura ya mchujo, akashinda Kelda Roys, mwanamke ambaye naye ni wakili, na Januari 2021 akaapishwa kuwa seneta wa eneo la 26.