Taji la miale kwenye sarafu ya Gordian III

Ndugu, umeuliza kwa nini Gordian III, mfalme wa Roma ya kale aliye kwenye sarafu yako, amevaa taji la miiba badala ya shada la majani, na kama yule mwanamke wa upande wa pili ni malaika. Ile si miiba, ni miale ya jua. Ndiyo alama inayokuonyesha kwamba hiyo si denari, sarafu ya fedha ya Kirumi, kama alivyokuambia muuzaji, bali antoniniani, sarafu iliyoanzishwa na mfalme Caracalla mwaka 215. Inaaminika ilihesabiwa kama denari 2, ingawa madini ya fedha yaliyomo hayakufika kiasi hicho. Kwa wake wa wafalme, alama ni mwezi mchanga chini ya mabega.

Mwanamke naye ni Laetitia, furaha yenyewe iliyopewa umbo la mtu. Tazama mikono yake: mmoja una shada, mwingine umeegemea nanga. Maandishi LAETITIA AVG N yanasema furaha hiyo ni ya mfalme wetu. Gordian alitawazwa mwaka 238 akiwa na miaka 13 hivi, kwenye mwaka uliopitiwa na wafalme sita, kwa hiyo nanga ile, alama ya uthabiti, naiona na uzito wake.

Tafadhali usiisugue kwa dawa ya meno! Ule weusi ni ngozi yake ya karne nyingi. Iangalie ukingoni kwa lenzi. Ukiona mstari wa kiungo ukizunguka, shuku kuwa imemiminwa kwenye kalibu, kwani za kweli ziligongwa kwa nyundo.