Usingoje dalali afike getini

Pole, ndugu. Umesema ulikopa 600,000 kwa kuweka rehani logbuku (hati ya umiliki) ya Vitz yako ya teksi hapa Nairobi, unalipa 43,000 kila mwezi kwa miaka miwili, na sasa miezi miwili imepita hujalipa.

Piga hesabu kwanza: 43,000 mara 24 ni 1,032,000. Hiyo ni riba ya asilimia 3 kwa mwezi, inayotozwa juu ya 600,000 zote mpaka siku ya mwisho, hata deni likibaki elfu kumi. Ingetozwa kwa salio linalopungua, yaani deni lililobaki tu, ungelipa kama 35,400 kwa mwezi. Usijilaumu sana, mimi nilisaini huku nikiwaza rangi ya gari.

Nenda ofisini kwa waliokukopesha wiki hii, si kupiga simu. Omba muda uongezwe ili kila mwezi ulipe kidogo, na wakikubali, wakupe kwa maandishi. Dai taarifa ya mkopo ukague faini moja moja. Na tafadhali, usikope kwenye simu ili kulipa huku.

Wakikataa, tafuta mwenyewe mnunuzi wa gari, kwa idhini yao, pesa ziende moja kwa moja kwenye deni. Gari langu lilivutwa na dalali saa kumi na moja alfajiri, viatu vya shule vya mwanangu vikiwa ndani. Likauzwa mnadani kwa bei ya kutupa, gharama za yadi zikakatwa, na bado nikabaki nadaiwa.

Lile tairi ulilosema limekwisha, nunua kabla ya yote. Gari likilala, hulipi mtu.