Unaanza kazi ya ofisini Dar? Usikimbilie suti kwanza

Wiki iliyopita kanipigia mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, kapata kazi Dar na anatokea Iringa. Swali lake la kwanza halikuwa chumba wala nauli, kaniuliza kaka ninunue suti ngapi? Nikamwambia usinunue hata moja kwanza. Baada ya kukata simu nikaona niandike kabisa maana najua wako wengi wanaokuja mjini na mawazo hayo hayo, na mimi nilikuja nayo.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa suti nyeusi nzito, koti lina bitana mpaka mikononi, shati jeupe mikono mirefu, tai, nikapanda daladala Mbagala saa 12 na nusu asubuhi nikasimama njia nzima. Ilikuwa Februari. Mnaoijua Februari ya Dar mnanielewa, siyo jua peke yake, ni ile hewa nzito ya bahari ambayo jasho likishatoka halikauki tena, tulipofika Mtoni kwa Aziz Ali shati lilikuwa limeshaganda mgongoni na koti siwezi kulivua kwa jinsi tulivyobanana. Nafika ofisini watu wote wako na mashati ya mikono mifupi na suruali za kitambaa, wamechomekea vizuri, basi. Mkuu wangu wa kitengo, mzee wa watu, akanitazama kuanzia juu mpaka chini macho yakaishia kwenye viatu vyangu ambavyo vilikuwa na vumbi na alama ya mtu aliyenikanyaga kwenye daladala. Akaniita pembeni kwa upole akaniambia kijana, hapa koti hatukudai, ila viatu futa.

Yaani hiyo sentensi ndo imenisaidia miaka yote hii. Dar watu wanakusoma kwenye pasi na viatu. Shati la elfu 5 la mtumba likiwa limenyooka, kola haijachakaa, unaheshimika kuliko mwenye suti ya laki na kitu iliyojikunja mgongoni.

Kingine, hakuna mavazi ya "ofisi za Dar" kwa ujumla, inategemea ni ofisi gani na iko upande gani. Benki nyingi zina sare, wao wamemaliza kazi ya kuwaza. Mawakili pale mjini ndo utawaona na suti nyeusi na shati jeupe kwenye jua la saa 6 kwa sababu mahakamani lazima, hao hawana namna. Ukienda Masaki na Oysterbay kwenye mashirika na kampuni za programu utakuta jinzi, raba, fulana ya kola yenye nembo ya mradi, na hapo ukija na tai watu watadhani umekuja kwenye intavyuu. Nenda siku moja kabla hujaanza, simama karibu na lango saa 2 asubuhi uangalie wanavyoingia, au muulize aliyekupigia simu ya kazi, siyo aibu kuuliza.

Serikalini ni habari nyingine na hapa naomba mnisikilize vizuri. Kuna waraka wa mavazi ya watumishi wa umma tangu 2007, jinzi, tisheti, kaptula, nguo za kubana au zinazoonyesha mwili hazitakiwi, na ofisi nyingi zimebandika picha pale getini za nguo zenye alama ya X nyekundu. Inamgusa hata anayekuja kufuata huduma tu. Nilimsindikiza dada mmoja tuliyekuwa tunafanya naye kazi kwenda ofisi moja kufuatilia karatasi, sketi yake ilikuwa inaishia juu kidogo ya goti, mlinzi akamkatalia kabisa, ikabidi mama lishe wa nje amwazime khanga ajifunge ndo akaingia. Aliumia sana na nilimuonea huruma, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia. Basi ukiwa na safari ya ofisi ya umma vaa suruali ya kitambaa, dada vaa gauni au sketi inayopita goti. Kaunda suti pia inakubalika sana huko na kwa joto letu naiona ina akili kuliko koti na tai, kitambaa chepesi, mikono mifupi, na bado ni rasmi.

Ijumaa mji unabadilika. Vitenge, kanzu na baraghashia kwa wanaokwenda msikitini mchana, na hakuna anayekushangaa.

Sasa usafiri. Hapa ndo nguo zinapokufa. Akina dada wa ofisini kwetu walinifundisha hili, wanakuja na simpo au ndala, skuna ziko kwenye droo ya meza, na sweta liko kwenye kiti kwa sababu nje unachemka na ndani kiyoyozi kinakugandisha. Na mimi nikaanza kuacha moka zangu ofisini na shati moja la akiba limening'inia nyuma ya kabati. Masika yakianza Machi utanishukuru, maji yakijaa bonde la Jangwani mabasi ya mwendokasi yanasimama na unajikuta unatembea kwenye tope na suruali umeikunja.

Nguo usinunue dukani kwa pupa. Nenda soko la mitumba la Karume pale Ilala asubuhi mapema, tafuta pamba au kitani, ligeuze shati ndani nje uangalie kwapa na ndani ya kola, hapo ndo linapochakaa kwanza. Poliesta achana nayo hata ikiwa inang'aa vipi, haipitishi hewa na saa 4 tu unaanza kunuka. Likikupwaya mpelekee fundi alibane ubavuni, mashati 4 na suruali 2 za rangi nyeusi au bluu ya giza zinakutosha kabisa kuanzia. Na pasi piga usiku, usisubiri asubuhi umeme ukakatika.

Mdogo wangu anafika Ijumaa, Jumamosi nampeleka Karume. Kaniambia ana viatu vyeusi vya ngozi vya marehemu baba yake, saizi inamtosha ila soli imeachia mbele. Nimemwambia aje navyo hivyo hivyo, mshona viatu wangu yuko hapa Mbagala Zakhem, ataviwekea soli mpya na Jumatatu ataanza navyo.